Kiti cha Nyuma

Cardiff, 12 Januari 2025

Kaka Abdikadir,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Nimo, na imkute Mama ameketi mlangoni anaota jua, kama ninavyopenda kumfikiria. Huku jua huchungulia tu na kurudi lilikotoka. Kazi ni ileile: naingia nyumba hadi nyumba, nawaogesha wazee wa watu, nawapa dawa, naondoka.

Ami Awil ameniambia gari limefika Nanyuki kutoka Mombasa bila mkwaruzo. Nilitaka kuyasikia hayo kwako, lakini wewe na simu mmegombana. Jumapili iliyopita nilikuuliza Mama anaanza lini kusafishwa damu, ukanijibu kwamba mbuzi wote ni wazima, kisha ukampa Nimo simu. Mtandao wa huko bado ni ule wa kubahatisha. Umesema unataka barua, kama nilizokuandikia nikiwa shule ya bweni, na kwamba Mama naye anapenda kusomewa. Haya, nimenunua karatasi.

Gari hilo ni ndugu wa hili ninaloendesha kazini: umbo dogo lililoinuka, nusu petroli, nusu betri. Ndiyo maana nililichagua. Nalijua kwa barabara za huku, za lami laini, lakini silijui kwa barabara zetu. Wewe umeendesha malori ya ng'ombe kutoka Isiolo mpaka Nairobi tangu sijavunja ungo, kwa hiyo nataka maoni yako ya dereva. Linapandaje? Linakula kiasi gani? Mama akikaa nyuma anaumia? Usinifiche ubaya wake kwa sababu mimi ndiye niliyenunua.

Msalimie Mama. Mwambie namwombea kila nikifunga mlango wa mtu.

Dada yako,
Zeynab


Nanyuki, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Zeynab,

Waaleikum salaam. Barua yako ilichelewa njiani lakini ilifika. Sisi tuko sawa, alhamdulillahi. Nimo anauza maziwa kama kawaida. Mlima umejifunika wiki nzima na baridi ya alfajiri imechoma viazi vya jirani. Mama nilimsomea barua yako mara mbili, ya pili akalala katikati.

Sasa gari. Nitakuambia vile mimi naiona.

Mafuta, hii gari hainywi, inalamba. Naenda Nyeri na kurudi na mshale unakaa pale pale. Ile miteremko ya kushuka Kiganjo betri inajijaza yenyewe. Nilimwambia Awil, akadhani namchezea. Usukani ni mwepesi mpaka mtu anaogopa. Baada ya lori, ni kama umeshika sahani. Mama anasema kiti ya nyuma inamshika kiuno vizuri kuliko kitanda. Ubaya wa kwanza, iko chini. Kwa ile njia yetu ya mawe tumbo inakwaruza. Buti ni ndogo, lakini nimebeba mbuzi wawili. Usikasirike, niliweka gunia.

Ubaya mkubwa ni huu: gari yako ni bubu. Unabonyeza kitufe, taa inawaka, basi. Huwezi kujua kama imewaka ama imelala. Hata ikipanda mlima, kimya. Dereva anajua gari na miguu na masikio, na hii imeninyima masikio. Tena waliandika ati iko na kengele ya kukuonya ukirudi nyuma. Hii yako hailii. Niligusa lango siku moja, nikavunja taa ya nyuma. Nimeshaweka ingine. Na wiki jana niliiegesha jioni ikiwa na mafuta, asubuhi nikaikuta imekauka. Gari gani hiyo inakula ikiwa imelala? Waulize wenye kuitengeneza.

Mama ameanza mashine. Nafasi ya hapa Nanyuki ilikosekana, amepewa Nyeri, Jumanne na Ijumaa. Njiani tunamchukua mama mmoja wa Naro Moru, Mama Sophie, ambaye wanasafishwa naye damu siku moja. Anakaa mbele na mimi, Mama nyuma, wanaongea Kikuyu mpaka hospitali. Mama Sophie anamwita Wakonyo, lile jina alikuwa nalo kabla ya kuolewa na Baba. Sijamwona Mama akicheka hivyo tangu arobaini ya Baba.

Jumanne na Ijumaa naamka nikiwa na kazi. Tangu watu wa malori waniambie nipumzike, sikuwa nimeamka hivyo.

Kaka yako,
Abdikadir


Cardiff, 24 Februari 2025

Kaka Abdikadir,

Asalaam aleikum. Ramadhani inabisha hodi. Mungu aifanye nyepesi kwenu. Nimefurahi juu ya huyo Mama Sophie na juu ya Mama kucheka. Mwambie Mama kwamba daktari akimkataza kufunga, asilie; dini haimtaki mgonjwa ajiue. Afya yangu nzuri, isipokuwa mgongo.

Nimesoma maoni yako nikacheka pale pa mbuzi. Kisha nikakaa nikayasoma tena.

Kaka, nimetafuta maandishi ya wenye magari kama hilo, wa huku na wa Nairobi pia. Juu ya mafuta wanasema kama wewe. Juu ya tumbo kukwaruza, vilevile. Lakini hakuna hata mmoja anayesema ni bubu mlimani. Wanalalamika kinyume: ukilikanyaga kwenye kilima injini inalia kama mashine ya kusaga mahindi. Na kengele zimewachosha. Mkanda usipofungwa, linalia. Mlango usiposhika, linalia. Ukirudi nyuma karibu na ukuta, linalia. Hili langu hulia mpaka paka wa mteja wangu mmoja hukimbilia juu ya kabati. Juu ya mafuta kukauka, nadhani hukulizima. Likiachwa limewaka, injini hujiwasha yenyewe usiku kucha kujaza betri. Ukishuka na ufunguo hulia tena kukuambia umelisahau.

Pengine kengele za hilo ziliharibika melini. Mpelekee Moffat, yule fundi wa karibu na reli, azisikilize.

Jambo lingine: chini ya kiti cha nyuma kuna kitundu cha kupumulia betri. Blanketi la Mama lisikizibe.

Na samahani kuuliza hili. Ijumaa nilipopiga simu, nilimsikia Nimo akikuita, akikuita tena na tena, kabla hujaja. Ulikuwa uani?

Dada yako,
Zeynab


Nanyuki, 19 Machi 2025

Mdogo wangu Zeynab,

Ramadhani inaenda vizuri. Watu wa soko ya mifugo wamepungua, kila mtu amelala mchana. Sabirin binti ya Awil anakuja jioni kumsaidia Nimo na futari. Mama hafungi na jambo hilo linamuuma. Analipa kwa kulisha paka wa msikiti.

Ndiyo, nilikuwa uani.

Nilipeleka gari kwa Moffat. Anasema kengele zote ziko sawa. Moffat ni mtu wa kucheka na wateja, sirudi kwake. Nitatafuta fundi mwingine Nyeri. Na hao watu wako wa maoni, kila mtu na gari yake. Wao wanalalamika kelele, mimi nalalamika kimya. Mbona wao waaminiwe na mimi niulizwe maswali kama mtoto? Nimeendesha lori ya ng'ombe thelathini juu ya ile barabara ya zamani ya Isiolo, kabla ya lami, na sijawahi kumwaga hata mmoja.

Madereva wa siku hizi ndio ungeuliza. Jumanne lori ya mchanga ilinipita hapo Kiganjo, karibu ichukue kioo. Hata honi hakupiga. Mama Sophie alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Mama anataka niandike maneno yake. Anasema hivi: "Zeynab, kaka yako ananibeba kama yai. Usimsumbue juu ya gari." Sijui kwa nini amesema hivyo, mimi sikuwa nimemwambia kitu. Ameniambia nisifute.

Kitundu cha betri nimekiona. Blanketi tunakunja.

Kaka yako,
Abdikadir


Cardiff, 6 Aprili 2025

Kaka Abdikadir na wote nyumbani,

Idi njema iliyopita. Niliswali kwenye ukumbi wa michezo, mvua ikipiga bati, nikawakumbuka. Mama, asante kwa maneno yako, nimeyasikia. Nimefurahi kwamba kiti kinakufaa. Karatasi za kukaa kwangu huku bado ziko ofisi ya uhamiaji na mpaka zirudi siwezi kutoka nchi hii. Zikirudi tu nakuja, na mimi ndiye nitakayekupeleka Nyeri, unione nikiendesha.

Wako,
Zeynab

*

Kaka, karatasi hii ya pili usimsomee Mama.

Nina mteja, mzee aliyekuwa fundi wa meli. Nilipoanza kwake aliniambia televisheni imeharibika. Ilikuwa nzima. Akasema majirani siku hizi wanaongea kwa kunong'ona, hawana adabu. Kengele ya mlango, akasema, imekufa. Nilikaa naye mwezi mzima kabla ya kumwambia, na siku niliyomwambia alinifukuza. Alikuwa amefanya kazi kando ya injini kubwa maisha yake yote, na kelele zile ndizo zilizomla masikio, polepole, bila maumivu. Sasa ana kifaa nyuma ya sikio na tunapatana.

Sisemi chochote juu yako, nakueleza habari za mzee wangu tu.

Ila nakuomba Nimo awe anakaa nawe garini siku za hospitali. Maziwa yanaweza kuuzwa na Sabirin. Usiniulize kwa nini. Lakini safari zenyewe usiache hata moja, kwa sababu Mama akikosa mashine tunampoteza, na hakuna mwingine wa kumpeleka.

Z.


Nanyuki, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Zeynab,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nimo alikupigia siku ile, kwa hivyo unajua. Nakuandikia kwa sababu ni lazima kaka akuandikie. Mama alituacha Ijumaa tarehe ishirini na tano tukirudi kutoka Nyeri. Alikuwa amesafishwa damu, akachoka vile anachoka kila mara, akajilaza kiti ya nyuma na akaenda katika usingizi wake. Tulimzika kesho yake asubuhi. Awil alisimamia kila kitu. Watu walikuwa wengi, hata wa kanisa ya Mama Sophie walikuja wakasimama nje ya ukuta wa makaburi kwa heshima. Mama Sophie mwenyewe hakuweza, alikuwa amelazwa wiki hiyo.

Mvua ilinyesha wakati wa kufukia. Udongo ulikuwa mzito.

Imamu amesema kifo cha usingizini ni cha mtu aliyependwa. Shika hayo.

Gari nimeifunika na turubai. Sina maoni mengine juu yake.

Abdikadir


Cardiff, 22 Mei 2025

Kaka,

Barua yako imenifika. Wenzangu kazini walinichangia maua. Sikujua pa kuyaweka, kaburi la mama yangu liko mbali nami, nikayaacha kwenye ngazi ya jengo. Asante kwa kumzika Mama vizuri. Mshukuru Ami Awil.

Nimempigia Nimo mara nyingi. Ananisalimia, analia, halafu anasema, "Muulize kaka yako." Nikimwambia, "Nimuulize nini?" anakata.

Sabirin alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha Mama. Nilimwomba aniambie tu uso wake ulikuwaje, ili niuone. Akaniambia uso ulikuwa mweupe kama karatasi. Kisha akaniambia bendeji ya mkono, ile ya mahali pa sindano, ilikuwa imefunguka, na nguo zote za upande ule zilikuwa zimelowa damu mpaka viatuni. Yeye alidhani najua.

Hii ndiyo kazi yangu, Kaka. Mshipa ule ukifunguka, mtu halali tu na kwenda. Anaiona damu. Anaibana kwa mkono mwingine. Anaita.

Kutoka Nyeri mpaka nyumbani ni saa nzima na zaidi. Ulikuwa umekaa mbele yake, karibu naye kama mtu na mtu wanavyokaa msikitini. Na gari lile, wewe mwenyewe umeandika, halina kelele.

Siwezi kukuuliza kwa simu kwa sababu hutanisikia. Nimeliandika sasa. Husikii. Niambie ilivyokuwa.

Zeynab


Nanyuki, 18 Juni 2025

Zeynab,

Salamu. Nimo ni mzima. Ng'ombe mmoja amezaa.

Nitakuambia, na ukimaliza kusoma usinipigie simu.

Siku ile Nimo alivaa viatu akaniambia twende pamoja. Karatasi yako ya pili ilikuwa imefika Jumatano. Nilikuwa nimeisoma na nilikuwa na hasira nayo. Nikamwambia mimi si mtoto wa kuchungwa, akavua viatu. Mama Sophie hakuwako, presha ilikuwa imempanda, wakamweka wodi ya hapo Nyeri. Kwa hivyo tulirudi wawili, Mama na mimi.

Sasa ujue kitu kimoja. Mama Sophie ndiye alikuwa masikio yangu. Mama akitaka maji ama akitaka nisimame, anamwambia yeye, naye ananigusa mkono. Hakuna mtu alipanga hivyo. Mama alijua. Alijua kabla yako, kabla ya Nimo pengine. Alinificha. Siku moja daktari alimuuliza nani anamleta, akasema, "Mwanangu, dereva mzuri sana." Niliona mdomo wake ukisema.

Tulitoka Nyeri kukiwa na manyunyu. Nilimwangalia kwenye kioo hapo Kiganjo, amejilaza, amejifunika shuka yake nyeusi mpaka kidevuni. Nikasema amelala. Baada ya mashine analala kila siku. Nikaendesha polepole nisimwamshe. Nilikuwa najisifu, Zeynab. Nilikuwa najiambia hakuna dereva angembeba hivi.

Naro Moru, kwa yale matuta ambapo wanauza karoti, nilipunguza mwendo na mtu mmoja akakimbilia dirisha yangu akaanza kugonga. Ameshika karoti mkono mmoja na anagonga na mwingine, na anafungua mdomo. Kila siku wanagonga. Nikampungia mkono kwamba sitaki. Alikimbia na gari mpaka tuta la mwisho. Nilimwona kwenye kioo ya kando amesimama katikati ya barabara ameshika kichwa.

Nyumbani Nimo ndiye alifungua mlango wa nyuma.

Nilikaa siku nyingi nikiambia watu alilala. Imamu akasema lile neno lake nikanyamaza. Halafu nikaenda Naro Moru nikamtafuta yule mtu. Anaitwa Griffins. Nilimwambia afungue mdomo vizuri na aongee pole pole. Akaniambia, "Mzee, yule mama alikuwa amebandika mkono kwa kioo. Mkono uko na damu. Alikuwa anaita, Abdi, Abdi. Mimi niko nje na nilimsikia." Akaniuliza kwa nini sikusimama. Zahanati iko hapo hapo ng'ambo ya barabara. Nilimwambia sikusikia. Hakuamini. Aliniangalia kama mtu ambaye amemwua mama yake kwa kutaka.

Mkono wa sindano ni wa kulia. Alikuwa anaubana na kushoto. Ili anifikie begani ilikuwa lazima aachilie. Nadhani mwisho aliachilia, lakini mkanda ulikuwa umemshika. Mimi ndiye nilimfunga huo mkanda.

Umeniambia, "Husikii." Ni kweli. Lakini na wewe ulijua. Uliandika habari za mzee wa meli. Halafu chini yake ukaandika safari usiache hata moja. Hiyo karatasi bado niko nayo.

Abdikadir


Cardiff, 8 Julai 2025

Kaka,

Sina habari za kukupa za huku. Nafanya kazi, narudi.

Nilijua. Nilijua Februari, uliposema ni bubu mlimani. Kazi yangu ni kujua vitu hivyo. Nilikaa na kalamu nikafikiria: nikimwambia aache kuendesha, ataacha kwa hasira siku hiyo hiyo, na Jumanne inayofuata Mama atakaa nyumbani. Nikaandika habari za mzee wa watu. Nilitaka uelewe na pia nilitaka usielewe mpaka karatasi zangu zirudi. Zimerudi wiki iliyopita. Ziko mezani hapa.

Sitakuambia ni kudra nikaishia hapo. Sitakuambia pia kwamba ni wewe peke yako. Nimejaribu kuandika yote mawili na nimechana.

Sasa kuna mambo nakutaka uyafanye, na usiyafanye kwa ajili yangu. Mwambie Ami Awil wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla Sabirin hajaunganisha alichokiona na anachokisikia. Usimwachie Nimo mzigo wa kunyamaza. Nenda ukapimwe masikio. Na usiguse usukani tena, wa gari lolote, hata kwa kulisogeza uani tu.

Gari liuzeni au lichomeni. Nimekuwa nikiendesha lile la kazini nikiwa nimegeuza kioo cha ndani ili nisione kiti cha nyuma. Juzi lililia kengele kwa sababu nilikuwa nimeweka mkoba pale, likadhani ni mtu ambaye hajafunga mkanda. Nilisimama kando ya barabara mpaka mtu akaja kuniuliza kama ninahitaji msaada.

Sijui nitakuja lini. Mama alipokuwapo, nilikuwa na haraka.

Zeynab


Nanyuki, 24 Agosti 2025

Mdogo wangu Zeynab,

Baridi inaanza kutoka. Mlima unaonekana asubuhi. Ndama yuko sawa. Nimo anakusalimu, na safari hii anasema ukipiga atazungumza.

Nilienda Majengo kwa Awil. Niliwaita wote, nikawaambia vile nilikuambia. Sabirin alitoka nje. Awil alichukua kofia yake akaenda kuswali, na ilikuwa bado si wakati wa swala. Tangu siku hiyo hajakuja kwangu. Sijamlaumu. Bibi yake alinipa chai. Niliinywa yote kwa sababu sikujua nitafanya nini na mikono.

Nimepimwa. Daktari ni msichana mdogo, alikuwa ananiandikia maswali kwa karatasi. Anasema ni kama ulivyosema, kelele za injini, na sikio la kushoto halina kitu tena. La kulia litasaidiwa kidogo na kifaa. Nimeandikishwa, nangoja. Aliniuliza nimeanza lini kutosikia. Mtu hajui siku anaacha kusikia, anadhani watu wameacha kuongea.

Gari hatujauza. Usikasirike, ngoja nikueleze. Mwezi wa tano, wakati mimi nilikuwa nimelala nikiangalia ukuta, Mama Sophie alitoka wodini akatuma mtu kuuliza sasa atafikaje Nyeri. Mtoto wake hana gari, akawa anaenda na matatu. Nimo hakuniuliza. Alienda shule ya udereva hapa mjini, akiwa na vijana ambao angeweza kuwazaa, na mwezi huu amepata leseni. Alitoa ile turubai mwenyewe. Kiti alikuwa ameisugua mpaka imebadilika rangi, na juu yake ameshona kitambaa. Jumanne na Ijumaa anampeleka Mama Sophie. Anasema gari ni nzuri, inamsikiliza, ila kengele zinamwudhi.

Nilikuwa nabaki nyumbani siku hizo. Ijumaa iliyopita Mama Sophie alimwambia Nimo wanichukue. Sijui kwa nini. Mbele ni mahali pake. Nikafungua mlango wa nyuma nikaingia, nikafunga mkanda.

Kutoka huko huoni barabara, Zeynab. Unaona kisogo cha dereva, na sikio lake moja.

Tukirudi, tulipofika kwa yale matuta ya Naro Moru, nilimwita Nimo. Sikuita kwa nguvu. Niliita vile mtu mgonjwa anaita, sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia. Nimo aligeuka hapo hapo, gari ikapunguza mwendo. Nilimwona akisema, "Nini, Abdi?"

Nikamwambia si kitu. Aangalie mbele.

Kaka yako,
Abdikadir